Siku za Porini: Mawindo na Urithi wa Wakree

Kila mwaka, kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Mei, shule za Eeyou Istchee, kaskazini mwa Quebec nchini Kanada, hufungwa kwa takribani wiki mbili. Hakuna sikukuu ya dini wala ya taifa. Bata bukini wamerudi kutoka kusini, na familia za Wakree zinahamia kwenye kambi za mawindo, pwani ya Ghuba ya James na kando ya maziwa ya bara. Likizo hiyo imo katika kalenda rasmi ya Bodi ya Shule ya Wakree, chombo wanachokiendesha wenyewe, na majira ya vuli yana likizo nyingine kwa ajili ya kuwinda musi, yule kulungu mkubwa kuliko wote duniani. Inafaa kujiuliza kwa nini watu waliohangaika hadi wakapata mamlaka juu ya shule zao wazifunge katikati ya muhula ili watoto wakawinde. Jibu jepesi ni kwamba wanaenzi desturi, lakini jibu hilo linaacha jambo kubwa pembeni. Mawindo ndiyo njia ambayo mtoto wa Kikree hupokea lugha, sheria, imani na nidhamu ya watu wake vikiwa vimefungamana, na njia hiyo ina sharti moja lisilokwepeka: wazee, wazazi na watoto wakae porini pamoja, kwa siku za kutosha. Sharti hilo likitimia, urithi hustahimili mabadiliko mengi. Likikosekana, hakuna kitabu, filamu wala jumba la makumbusho linaloweza kuziba pengo.

Wakree ni miongoni mwa mataifa makubwa zaidi ya wenyeji wa asili wa Kanada. Ardhi zao zinaanzia Alberta upande wa magharibi, zinapita Saskatchewan, Manitoba na Ontario, na kufika mashariki ya Ghuba ya James. Lahaja zao ni nyingi, na sensa ya mwaka 2021 ilikuta zaidi ya watu 80,000 wanaojua lugha yao. Uchambuzi huu unaegemea zaidi kwa wale wa mashariki, wanaojiita Eeyou pwani na Eenou bara, kwa kuwa kwao suala la mawindo limebishaniwa mahakamani, likaandikwa katika mkataba na kuchunguzwa na wataalamu kwa miongo mingi. Eeyou Istchee maana yake ni ardhi ya watu. Ina jumuiya za Whapmagoostui, Chisasibi, Wemindji, Eastmain na Waskaganish upande wa pwani, na Nemaska, Waswanipi, Mistissini na Oujé-Bougoumou upande wa bara. Ni nchi ya misonobari, vinamasi, mito na maziwa yasiyohesabika, yenye majira marefu ya baridi yasiyoruhusu kilimo cha maana. Tangu kale maisha yalitegemea bata, samaki, sungura, musi, karibuu ambaye ni kulungu wa kaskazini anayehama kwa makundi makubwa, na biva, mgugunaji wa majini anayejenga mabwawa kwa miti na matope. Ardhi hiyo imegawanywa katika maeneo ya familia yapatayo 300, na kila eneo lina msimamizi wake.

Neno lenyewe la kuwinda linaonyesha ukubwa wa kinachorithishwa. Mwanaanthropolojia Harvey Feit, aliyefanya kazi miaka mingi na wawindaji wa Waswanipi, alieleza kwamba mzizi wa neno hilo, nitao, unabeba maana tano: kuona au kutazama, kwenda kuchukua, kuhitaji, kutaka, na kukua au kuendelea kukua. Katika Kiswahili, kuwinda kunakaa jirani na kunyemelea, kuvizia na kusaka, maneno ya mtu anayejua na mnyama asiyejua. Mzizi wa Kikree unaanza na kuona na kuishia na kukua, na kati ya hayo mawili umeweka haja ya mtu. Sarufi nayo inafuata mkondo huohuo, na msomaji wa Kiswahili ataielewa upesi. Sisi humpeleka kiboko katika upatanisho wa A-WA bila kujali kwamba jina lake linaanza na ki-: tunasema kiboko amelala, hatusemi kimelala. Lugha ya Wakree imegawa nomino zote katika zenye uhai na zisizo na uhai, na vitenzi hubadilika kufuata mgawanyo huo. Katika kundi la wenye uhai wamo watu na wanyama, lakini wamo pia jiwe, sufuria na viatu vya theluji. Sarufi peke yake haithibitishi imani ya mtu, ila inamzoesha mtoto, kabla hajaanza kufikiri, kumtaja biva kwa kitenzi kilekile anachotumia kwa shangazi yake.

Juu ya msingi huo wa lugha kuna fundisho la deni. Katika fikra za Wakree, mnyama hashindwi na mwindaji, hujitoa kwake. Mwindaji hupokea, na anayepokea hudaiwa. Deni hulipwa kwa kutoua bila haja, kwa kutotupa nyama, kwa kutomcheka wala kumdhihaki mnyama, kwa kugawia wengine, na kwa kuyahifadhi mabaki kwa heshima. Adrian Tanner, katika kitabu chake cha mwaka 1979 kuhusu Wakree wa Mistissini, alieleza jinsi mafuvu ya dubu yanavyotundikwa mitini na mifupa ya wanyama inavyowekwa mahali mbwa hawawezi kuifikia. Mifupa ya biva hurudishwa majini. Mnyama aliyedharauliwa hatajitoa tena. Mtu anaweza kuyasoma haya yote kwa dakika tano, kama tulivyofanya hapa, na asiwe amejifunza lolote. Deni hujulikana na aliyebeba mzigo wa nyama begani, akaona mzee akichagua sehemu ya kupelekewa jirani, kisha akatumwa kwenda kutundika mifupa kwenye baridi kali wakati wenzake wameanza kula. Fundisho la namna hii linahitaji mnyama halisi, njaa halisi na watu wanaotazama.

Ndiyo maana malezi ya Wakree yanaanza mapema sana. Mtoto anapokaribia mwaka mmoja na kuanza kutembea, hufanyiwa sherehe ya kutoka nje. Kabla ya siku hiyo miguu yake hairuhusiwi kukanyaga ardhi nje ya hema. Alfajiri, akiwa amevishwa mavazi ya mawindo, huongozwa na wakubwa wake kutoka hemani, akafuata njia iliyotandikwa matawi mabichi hadi kwenye mti, akauzunguka na kurudi. Mvulana hubeba bunduki ya kuchezea, msichana hubeba shoka dogo au kuni, na kila mmoja huingia na kitu cha kuwapa wazee, kisha karamu hufuata. Hatua zake za kwanza duniani ni za kwenda kuleta chakula na kukitoa. Miaka michache baadaye, anapoua mnyama wake wa kwanza, nyama hiyo haiwi yake. Hupewa wazee na kugawanywa, na wote humpongeza. Sisi tuna methali isemayo kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Methali hiyo inawatenganisha walimu wawili, mmoja mpole na mwingine mkali. Katika kambi ya Wakree mama na ulimwengu hufundisha kwa pamoja: mama anaonyesha namna ya kufunga tanzi la sungura, na asubuhi inayofuata tanzi tupu linasema kama mtoto alisikiliza. Maneno ya kuelekeza huwa machache. Mtoto hutazama, hujaribu, hukosea, na huachwa agundue.

Usiku una somo lake. Wakree hutofautisha aina mbili za masimulizi: atiyohkan, ngano za kale kama zile za Chakapesh aliyelinasa jua kwa tanzi lake, na tipachiman, habari za mambo yaliyowapata watu wanaojulikana. Masimulizi ya aina ya pili hasa yameshikamana na mahali. Ghuba ndogo ya mto, mwamba, sehemu ya kubebea mtumbwi, kila mahali pana jina na tukio, na jina hilo hukumbukwa kwa sababu mtu amepita hapo akiwa na mzigo. Mamlaka nayo hujifunzwa papo hapo. Msimamizi wa eneo la mawindo huitwa ndoho ouchimau. Yeye ndiye anayejua ni vijito vipi vimevuniwa biva na vipi vipumzishwe kwa miaka kadhaa, nani aalikwe kuwinda na nani asubiri. Pwani kuna kiongozi wa mawindo ya bata, anayeamua siku ya kuwinda na siku ya kuacha. Watafiti Colin Scott na Fikret Berkes wameandika kanuni zake: siku isiyo na upepo watu hutulia, kwa kuwa mlio wa bunduki husafiri mbali na kuwafukuza ndege, giza likiingia bunduki hunyamaza, na mahali palipowindwa hupewa nafasi ya kutulia. Kijana aliyekaa chini ya uongozi huo msimu baada ya msimu amesoma utawala, ingawa hakuna aliyemwambia kwamba anasoma.

Je, kuna ushahidi kwamba muda wa porini ndio nguzo, au ni hisia tu? Uchunguzi mmoja unajibu moja kwa moja. Mwaka 1997 Kayo Ohmagari na Fikret Berkes walichapisha matokeo ya kazi yao na wanawake wa Kikree wa magharibi ya Ghuba ya James, katika jumuiya za Moose Factory na Peawanuck mkoani Ontario. Walikuta kwamba karibu nusu ya stadi za porini walizozichunguza bado zinarithishwa kwa vitendo. Kutega sungura, kutandaza nyavu, kukausha bata kwa moshi, kulainisha ngozi za musi na karibuu na kushona shanga vilikuwa vimeshikwa vizuri. Stadi nyingine nyingi, hasa zile ambazo maisha hayazitegemei tena, zilikuwa zinapotea au kushikwa nusunusu. Sababu walizozitaja zinafaa kusomwa taratibu: mazingira ya elimu yaliyobadilika, siku za porini zilizopungua, ugumu wa kujifunza katika umri mkubwa, na mabadiliko ya vitu ambavyo watu wanavithamini. Waswahili walishasema samaki mkunje angali mbichi. Watafiti hao walikwenda mbali zaidi wakasema kwamba safari fupi za wanaume peke yao hazitoshi, na kwamba familia nzima iwezeshwe kukaa porini. Hapo dhana ya kwamba mawindo ni kazi ya wanaume inaanguka. Mwanamume anaweza kuleta musi peke yake, lakini ngozi, moshi, nyavu, tanzi na chakula cha kuhifadhi viko mikononi mwa wanawake, na pamoja navyo uko muda mrefu zaidi wa kukaa na watoto.

Historia inathibitisha hoja hii kwa upande wa kuumiza. Sera ya Kanada ya shule za bweni za lazima, iliyowachukua zaidi ya watoto 150,000 wa wenyeji wa asili nchini kote, iliwalenga watoto katika umri ule hasa ambao stadi za porini hujifunzwa. Wakree wa mashariki walipelekwa Fort George, Moose Factory, La Tuque na mbali zaidi. Waliondolewa vuli, wakati familia zinaingia kwenye maeneo ya mawindo ya majira ya baridi, na kurudishwa kiangazi, wakati wazazi wamekusanyika kijijini. Walikatazwa lugha yao, na wengi wakapigwa na kunyanyaswa. Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Kanada, katika ripoti yake ya mwaka 2015, iliyaita matendo hayo mauaji ya kiutamaduni. Kalenda ya shule ilitosha kufanya uharibifu hata pale ambapo mwalimu mmojammoja hakuwa katili, kwa kuwa ilichukua miezi yote ya kufundishwa na kuacha miezi ya kupumzika. Kijana alirudi akiwa na cheti na bila maneno ya kuzungumza na babu yake, na babu akabaki na maarifa yasiyo na mpokeaji. Tukiyakumbuka haya, likizo ya bata haionekani tena kama jambo dogo. Kalenda iliyotumika kuukata urithi sasa inatumika kuuunga.

Pigo la pili lilikuja kwa njia ya ardhi. Mwezi Aprili 1971 waziri mkuu wa Quebec, Robert Bourassa, alitangaza mradi mkubwa wa umeme wa maji katika mito inayoingia Ghuba ya James, bila kuwashauri wanaoishi hapo. Wakree walikwenda mahakamani Montreal, na wawindaji wakaeleza mbele ya jaji Albert Malouf jinsi wanavyoitumia ardhi ambayo serikali iliiona kama nchi tupu. Tarehe 15 Novemba 1973 jaji aliamuru kazi isimamishwe, lakini baada ya wiki moja mahakama ya rufaa iliisitisha amri hiyo. Ujenzi uliendelea, na mazungumzo yakazaa Mkataba wa Ghuba ya James na Kaskazini mwa Quebec, uliotiwa saini tarehe 11 Novemba 1975. Wakree walipoteza mengi: mito iligeuzwa, ardhi kubwa ikazama, zebaki ikaongezeka katika samaki wa mabwawa, na watu wa Fort George wakahamishwa kwenda Chisasibi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hata hivyo, waliweka ndani ya mkataba haki za kuwinda, bodi yao ya shule, na mpango wa kipato kwa wawindaji. Mpango huo humlipa mwindaji na mwenzi wake wa ndoa kwa siku wanazokaa porini, hadi siku 240 kwa mwaka, na hauangalii idadi ya ngozi wanazouza. Waliobuni utaratibu huu walielewa jambo ambalo wachumi wengi hulipita: kitu kinachohitaji kulindwa ni siku. Miaka ya mwanzo ya mpango, familia nyingi zilirudi porini.

Pingamizi la kwanza dhidi ya hoja hii ni la teknolojia. Wapo wasemao kwamba mtu anayewinda kwa bunduki, pikipiki ya theluji na simu ya setilaiti hawezi kudai kuendeleza mila, na kwamba kinachobaki ni burudani yenye jina la zamani. Pingamizi hili linachanganya chombo na uhusiano. Kampuni ya Hudson's Bay ilipewa hati yake mwaka 1670, na kituo cha biashara mahali panapoitwa leo Waskaganish kilianzishwa miaka miwili kabla ya hapo. Wakree wametumia vyuma, bunduki na sufuria za kununua kwa karne tatu na nusu, na katika muda huo wote wameendelea kutundika mafuvu ya dubu mitini. Kinachofaa kuulizwa kuhusu chombo kipya ni kama kinaongeza au kinapunguza muda wa watu kukaa pamoja porini. Ndege ndogo inayoipeleka familia kambini kwa miezi mitatu inasaidia urithi. Gari linalomwezesha kijana kwenda asubuhi peke yake, kupiga risasi kando ya barabara na kurudi jioni, linaweza kuudhoofisha ingawa nyama imepatikana. Chombo kilekile kinaweza kufanya yote mawili, na kipimo cha siku na watu kinatusaidia kutofautisha.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Wasomi kama Robert Brightman, aliyewachunguza Wakree wa Manitoba, na Shepard Krech, katika kitabu chake cha mwaka 1999, wamehoji picha ya mwenyeji wa asili kama mhifadhi wa mazingira tangu kuzaliwa. Wanakumbusha kwamba biva waliwahi kupungua vibaya, na kwamba imani ya mnyama kujitoa inaweza kumfanya mtu aue bila hesabu, akiamini aliyekufa atarudi. Ukweli huo haukwepeki. Katika miaka ya 1920 biva walikaribia kuisha sehemu nyingi za Ghuba ya James, huku wategaji kutoka nje wakiingia kwa pupa ya bei, na ilibidi kuanzisha hifadhi za biva kuanzia miaka ya 1930, Wakree wenyewe wakihesabu nyumba za biva katika maeneo yao. Lakini hoja ya urithi haihitaji mababu wasio na kosa. Inahitaji jamii inayoweza kukumbuka kosa lake. Berkes ameandika kisa cha Chisasibi kinachoonyesha hili. Mwanzoni mwa karne ya 20, mara tu bunduki za kurudia zilipopatikana, wawindaji waliwaua karibuu kupita kiasi kwenye kivuko cha mto, na wanyama hao wakatoweka kwa miongo mingi. Katika majira ya baridi ya 1983 na 1984 walikuwa wamerudi kwa wingi karibu na barabara ya mabwawa ya umeme, na baadhi ya wawindaji wakapiga ovyo, wakaacha mabaki yametapakaa. Mwaka uliofuata karibuu hawakuonekana barabarani. Jumuiya ilikutana, na wazee wawili wanaoheshimika wakasimulia habari ya uharibifu ule wa zamani. Hawakutoa faini wala amri. Majira yaliyofuata mawindo yalifanywa kwa utulivu, na nyama haikutupwa. Tipachiman ya miaka sabini ilifanya kazi ambayo askari wa wanyamapori wangeifanya kwa shida, kwa sababu wasikilizaji walikuwa bado wanaishi ndani ya uhusiano inaouzungumzia.

Pingamizi la tatu linatoka kwa watetezi wa haki za wanyama, ambao katika miaka ya 1980 waliendesha kampeni kali dhidi ya manyoya, hadi Jumuiya ya Ulaya ikapitisha kanuni ya mwaka 1991 dhidi ya mitego ya kubana miguu. Nia yao ya kupunguza mateso ya viumbe ni njema, na aliyesema kwamba anadaiwa na mnyama anapaswa kukubali kuulizwa jinsi anavyomuua. Ila tukizilinganisha njia mbili za kupata nyama, bata aliyeishi huru na kuuawa na mtu anayewajibika kwa mifupa yake hana sababu ya kumwonea wivu kuku wa kiwandani anayesafirishwa kwa lori hadi dukani Chisasibi. Afya nayo imo katika mizani. Kisukari kimeenea sana Eeyou Istchee tangu watu walipoacha kutembea porini na kuanza kula vya dukani. Naomi Adelson, aliyefanya utafiti Whapmagoostui, alieleza kwamba Wakree wa huko hawana neno linalolingana moja kwa moja na afya. Wana miyupimaatisiiun, yaani kuwa hai vizuri, na ndani yake wanahesabu chakula cha porini, joto la mwili na uwezo wa kuwinda. Anayewanyima mawindo kwa ajili ya huruma amewanyima pia maana yao ya uzima.

Linabaki pingamizi la nne, linalosemwa kwa sauti ya kirafiki: wawindaji wa muda wote ni wachache, vijana wengi wana ajira, kwa hiyo ni heri maarifa yarekodiwe na kuhifadhiwa kabla wazee hawajaondoka. Kurekodi ni kazi njema, na Wakree wanaifanya. Taasisi ya utamaduni ya Aanischaaukamikw iliyoko Oujé-Bougoumou inatunza vitu, picha na sauti, na filamu kama Cree Hunters of Mistassini ya mwaka 1974 zimewafundisha wengi. Ila rekodi hutunza kinachosemwa, na sehemu kubwa ya urithi huu haisemwi. Barafu inayobeba mtu na ile itakayomzamisha hutofautishwa kwa mlio, rangi na mwitikio wa fimbo, chini ya jicho la aliyewahi kukosea. Aidha, wachache wanaowinda mwaka mzima wanawashikilia wengi wanaowinda wiki mbili. Wao ndio wanaoijua hali ya eneo, wanaoitunza kambi na kuwapokea ndugu wenye kazi za mshahara likizo inapofika. Wakiondoka wao, likizo ya bata itabaki kuwa matembezi ya watu wasio na mwenyeji.

Kwa sababu hiyo hatari kubwa za leo ni zile zinazogusa ardhi na majira. Kundi la karibuu wa mto George, lililokadiriwa kuwa na wanyama wapatao 800,000 katika miaka ya 1990, lilibaki na chini ya 10,000 katika hesabu za miaka ya 2010. Majani ya baharini yanayoliwa na ndege wahamao yalipungua sana pwani ya mashariki ya Ghuba ya James kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990. Ukataji wa miti umeyafikia maeneo ya familia za kusini, ingawa makubaliano ya mwaka 2002 na Quebec yaliwapa wasimamizi wa maeneo hayo sauti katika mipango ya misitu. Barafu inachelewa kuganda, na moto wa mwaka 2023 uliwalazimisha wakazi wa jumuiya kadhaa kuhama kwa muda, ukaunguza na kambi. Mabadiliko haya yanazifanya baadhi ya kanuni za wazee zisilingane na wanachokiona vijana. Jamii iliyozoea kusoma ardhi kila siku inaweza kuandika upya kanuni zake, kama ilivyofanya bunduki zilipoingia, mradi iwe na ardhi ya kusoma.

Anayetaka kujua kama utamaduni wa Wakree utaishi asihesabu ngoma zinazopigwa kwenye matamasha wala vitabu vilivyochapishwa. Ahesabu ni watoto wangapi wamelala kambini mwaka huu, pamoja na bibi zao, na kwa siku ngapi. Serikali inayochora bwawa, kampuni inayoomba kukata msitu na bodi inayopanga kalenda ya shule vipimwe kwa hesabu hiyohiyo: vinaongeza siku hizo au vinazipunguza. Wakree wameshatoa jibu lao kila wanapofunga madarasa mwezi wa Mei. Wanaofanya maamuzi juu ya mito na misitu yao wana wajibu wa kuhakikisha kwamba mtoto anayetoka darasani siku hiyo anaikuta ardhi ya kwenda, na mzee wa kumpokea.